HP Compaq 8200 Elite yenye RAM ya GB 4 imekuwa nzito: niongeze RAM ya aina gani, au tatizo liko kwingine?

#1 Mpigachapa wa Mbagala

Wakuu, habari zenu. Nina steshenari ndogo ambayo kazi zake ni kuchapa barua na tasnifu, kutoa picha za pasipoti, na kuwajazia wateja maombi ya mtandaoni, hasa ya mikopo ya wanafunzi na usajili wa majina ya biashara. Kompyuta ninayoitegemea ni HP Compaq 8200 Elite, ile nyembamba inayoweza kulazwa chini ya skrini, yenye prosesa ya Core i5-2400, RAM ya GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500 na Windows 10 ya biti 64. Asubuhi huwa inafanya kazi bila manung'uniko, lakini nikishafungua Word, Photoshop na vichupo kadhaa vya Chrome kwa pamoja, kishale kinaanza kurukaruka na mteja anaanza kuangalia saa. Task Manager inaonyesha kuwa RAM imetumika kwa asilimia 88, diski iko kwenye asilimia 100 muda mwingi, na sloti inayotumika ni 1 kati ya 4.

Kwa sasa nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu. Je, ninunue RAM moja ya GB 8 au mbili za GB 4? Na zile za MHz 1600 ambazo ndizo zilizojaa madukani, zitakubali kwenye mashine ambayo RAM yake ya sasa imeandikwa 1333?

#2 Fundi Kibiriti

Mkuu, usipoteze fedha kwenye RAM. Nunua SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240, piga Windows upya, kisha urudi hapa utushukuru.

#3 Binti Saadani

Fundi Kibiriti amejibu swali ambalo halikuulizwa. Diski kufika asilimia 100 wakati RAM imejaa si ushahidi kwamba diski ndiyo mgonjwa. RAM inapokaribia kujaa, Windows huchukua kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda na kuzihamishia kwenye faili liitwalo pagefile.sys lililoko kwenye diski, na kila unaporudi kwenye programu uliyoiacha inalazimika kuzirudisha tena. Kwa hiyo diski inaweza kuwa inahangaika kwa sababu ya kubebeshwa kazi ya RAM.

Kabla ya kununua chochote, fungua Resource Monitor, nenda sehemu ya Memory uangalie mchoro wa Hard Faults kwa sekunde (mara ambazo mashine inalazimika kufuata kurasa kwenye diski), kisha nenda sehemu ya Disk uone ni faili gani linaloandikwa na kusomwa zaidi wakati mashine imekwama. Likiwa ni pagefile.sys, RAM ndiyo pungufu. Likiwa jingine, tutaongea mengine.

#4 Mzee wa Kariakoo

Nitajibu swali la mleta uzi kama lilivyoulizwa, kwa kuwa nimeuza vipuri hivi kwa miaka mingi na makosa ya wanunuzi ni yale yale.

Mashine yako inatumia DDR3 ya kompyuta ya mezani, yenye pini 240 na umeme wa volti 1.5. DDR2 nayo ina pini 240, ila mkato wake uko mahali tofauti, kwa hiyo usikubali mtu akuambie "ibonyeze kidogo itaingia". DDR4 ina pini 288 na haihusiki kabisa hapa. Kwenye lebo tafuta maandishi PC3-10600U, ambayo ndiyo 1333, au PC3-12800U, ambayo ndiyo 1600. Ile ya 1600 itafanya kazi bila tatizo, lakini prosesa yako ya i5-2400 inakubali mwisho 1333, hivyo itashuka yenyewe hadi kasi hiyo. Usilipie nyongeza kwa sababu ya namba 1600, na pia usiikatae kama bei ni ile ile.

Herufi ya mwisho ndiyo inayowaliza watu. U ni RAM ya kawaida ya kompyuta za mezani. R, kama ilivyo kwenye PC3-10600R, ni RAM ya seva, na huuzwa kwa bei ya chini sana kwa sababu seva zilizostaafishwa ni nyingi na wanunuzi wake ni wachache. Ukiichomeka kwenye 8200, taa ya kuwashia itamweka nyekundu mara tano na mashine italia mlio mara tano, na hiyo kwa HP za kizazi hicho ni ishara ya hitilafu ya kumbukumbu kabla hata ya picha kuonekana. Ukikuta L, yaani PC3L, hiyo ni ya volti 1.35, nayo imeundwa ikubali volti 1.5 pia, kwa hiyo kwako itafaa. Kinyume chake ndicho chenye shida: zipo kompyuta, hasa za mapajani za miaka iliyofuata, zinazotaka 1.35 pekee na kuikataa ya 1.5.

#5 Jogoo la Shamba

Mzee wa Kariakoo, heshima yako, lakini mimi niliambiwa na fundi kwamba RAM ya 1600 huunguza ubao mama wa 1333 polepole. Halafu mashine hiyo mwisho wake ni GB 16, kwa hiyo asipotezwe kununua kubwa zaidi.

#6 Mhandisi Mstaafu

Ndugu Jogoo la Shamba, yote mawili hayana msingi. RAM haina nguvu ya kuulazimisha ubao mama uende kasi ambayo haukupangiwa. Kila kijiti cha RAM kina chipu ndogo iliyoandikwa kasi na nyakati zote ambazo kijiti hicho kinaziweza, na mashine inapowashwa huisoma chipu hiyo na kuchagua kasi ambayo pande zote mbili zinaiweza. Hakuna kinachoungua.

Kuhusu kikomo, kwenye kizazi hiki cha Intel kidhibiti cha kumbukumbu kiko ndani ya prosesa yenyewe, na i5-2400 iliyotoka mwaka 2011 inakubali hadi GB 32. Kwa sloti nne, hiyo ni GB 8 kwa kila sloti. Kijiti kimoja cha DDR3 cha GB 16 hakitakubali, kwa sababu kidhibiti hicho hakizijui chipu zenye ujazo mkubwa kiasi hicho.

Niongeze tahadhari moja. Mleta uzi ana ile nyembamba yenye sloti nne, ambayo inatumia RAM ndefu za kawaida. Ipo ndugu yake ndogo zaidi, 8200 Elite ya umbo la USDT, ambayo ina sloti mbili tu na inatumia RAM fupi za kompyuta za mapajani zenye pini 204. Jina la mbele ni lile lile, hivyo mtu akienda dukani na jina pekee anaweza kurudi na kifaa kisichoingia.

#7 Jogoo la Shamba

Nimesoma, Mhandisi. Hata hivyo fundi wangu aliniambia hivyo akiwa na ubao ulioungua mkononi.

#8 Kifaru Mpole

Ubao kuungua na RAM kuwepo juu yake ni mambo mawili, Jogoo.

Naona hakuna aliyegusa jambo lililo wazi katika maelezo ya mleta uzi, nalo ni kwamba ana kijiti kimoja. Prosesa hiyo ina njia mbili za kuzungumza na RAM, na kila njia kwa kasi ya 1333 hupitisha takribani GB 10.6 kwa sekunde. Akiwa na kijiti kimoja anatumia njia moja, na nusu ya uwezo inakaa bure. Akiweka viwili, kimoja kila upande, anapata takribani GB 21 kwa sekunde. Zaidi ya hapo, 8200 yake kama haina kadi ya picha, basi picha zote za skrini zinatengenezwa na Intel HD Graphics 2000 iliyo ndani ya prosesa, ambayo haina kumbukumbu yake na inaazima humo humo kwenye RAM. Kwa maoni yangu uzito wa Photoshop unatoka hapo.

Kwa hiyo mbili za GB 4 ni bora kuliko moja ya GB 8, na sloti zichaguliwe kwa kufuata mchoro wa HP ili kila njia ipate chake, kwa maana mtu anaweza kuwa na vijiti viwili na bado vyote vikawa upande mmoja.

#9 Binti Saadani

Kifaru Mpole, hesabu yako ni sahihi, ila umeipa kazi isiyo yake. Upana wa njia huonekana kwenye michezo na kwenye picha zinazobadilika kwa kasi. Mtu anayechapa barua ya maombi ya kazi na kukata picha ya pasipoti hafikii hata robo ya hiyo GB 10.6 kwa sekunde. Kinachomkwamisha ni ujazo. Photoshop peke yake kwa kawaida hujitengea hadi asilimia 70 ya RAM inayoikuta, na juu yake ina faili lake la muda kwenye diski, tofauti na pagefile.sys. Sasa weka Chrome pembeni yake ndani ya GB 4.

#10 Nyota ya Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Huku nyumba zilizo karibu na bahari kompyuta huugua ugonjwa ambao watu wa bara hawaujui: chumvi ya hewani na unyevu huifanya miguu ya RAM ipate ukungu mweusi, na vumbi likichanganyika na unyevu huo hugeuka kuwa tabaka linaloziba kipozajoto. Nina mteja aliyekuja akidai anahitaji RAM kubwa zaidi. Kumbe ile pasta iliyo kati ya prosesa na kipozajoto chake ilikuwa imekauka na kuwa unga, na prosesa ikipata joto kupita kiwango hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Mleta uzi anasema asubuhi mashine ni nzuri na baadaye ndipo inakuwa nzito. Je, hiyo si dalili ya joto?

Toa RAM, futa miguu yake taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha kwa spiriti safi, uache ikauke. Na unapofanya hivyo chomoa waya wa umeme ukutani, usiishie kuzima tu, kwa sababu kwenye HP hizi RAM hubaki na umeme muda wote waya ukiwa umechomekwa.

#11 Fundi Kibiriti

Dada Nyota ya Mombasa, Mbagala nako bahari haiko mbali, lakini hiyo "asubuhi ni nzuri" ina maelezo mepesi zaidi: asubuhi hajafungua kitu.

#12 Mwalimu wa Tabora

Nami nichangie. Shuleni tuliwahi kupokea kompyuta za msaada zenye GB 4, fundi akaziongezea hadi GB 8, lakini Windows iliendelea kutumia GB 3 na kidogo. Tukadhani tumeuziwa RAM mbovu. Ilikuwa Windows 7 ya biti 32, ambayo kihesabu haiwezi kuona zaidi ya GB 4, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 32 ndiyo mwisho wa anwani zake.

#13 Mhandisi Mstaafu

Mwalimu, matokeo uliyoyaona ni ya kweli, ila sababu si hesabu hiyo pekee. Prosesa za Intel tangu Pentium Pro ya mwaka 1995 zina njia ya kupanua anwani hadi biti 36, yaani GB 64, na baadhi ya matoleo ya Windows ya seva ya biti 32 yaliitumia. Kwa matoleo ya watumiaji wa kawaida Microsoft iliamua kikomo kibaki GB 4, mojawapo ya sababu ikiwa ni madereva, yaani programu za kuendesha vifaa, yaliyokuwa yakivurugika anwani zinapopita hapo. Kisha sehemu ya anwani hizo huchukuliwa na vifaa kama kadi ya picha, ndiyo maana mliona GB 3 na kidogo. Hata za biti 64 zilikuwa na vikomo vya leseni: Windows 7 Home Basic iliishia GB 8 na Home Premium GB 16. Mleta uzi ana Windows 10 ya biti 64, kwa hiyo hili halimhusu.

#14 Mwalimu wa Tabora

Shukrani. Wanafunzi wangu nitawafundisha yote mawili.

#15 Mpigachapa wa Mbagala

Nawashukuru wote. Nimefanya alichosema Binti Saadani. Mashine ilipokwama nilikuta pagefile.sys iko juu kabisa kwenye orodha, ikifuatiwa kwa karibu sana na MsMpEng.exe iliyokuwa ikisoma mafaili mengi. Nikaendesha pia CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na diski imeonyeshwa kwa rangi ya njano na neno Caution.

#16 Fundi Kibiriti

Njano! Nilisema nini katika bandiko namba 2?

Sasa nieleze kwa utaratibu ili nisiambiwe nimejibu swali ambalo halikuulizwa. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, na kwa wastani kichwa husubiri nusu ya mzunguko kabla data haijafika chini yake. Ongeza muda wa kichwa chenyewe kuhama kutoka njia moja kwenda nyingine, unapata milisekunde 12 hivi kwa kila ombi, yaani maombi yasiyofika 100 kwa sekunde. Mafaili ya Windows yametawanyika, kwa hiyo ndivyo inavyosomwa muda mwingi. SSD ya kawaida ya SATA (aina ya tundu la kuchomekea diski) hujibu maelfu mengi ya maombi hayo kwa sekunde. Mpishi wa shughuli hata ukimpa meza ndefu kiasi gani, kama nyanya zinafuatwa sokoni moja moja pilau itachelewa.

Ubao wa 8200 una chipuseti (chipu inayoratibu ubao) ya Q67, yenye matundu mawili ya SATA ya Gb (gigabiti) 6 kwa sekunde. Chomeka SSD kwenye mojawapo ya hayo mawili. Ukiichomeka kwenye yale ya Gb 3 utapata takribani nusu ya kasi yake, ingawa hata nusu hiyo hutaamini macho yako.

#17 Binti Saadani

Fundi Kibiriti, hata mtu akikuambia kipanya chake kimekatika waya utamwandikia SSD.

Caution ya CrystalDiskInfo maana yake ni kwamba kuna sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, na kwa hilo nakubali kwamba mleta uzi anapaswa kunakili kazi za wateja leo hii mahali pengine. Lakini hilo ni suala la usalama wa data, wakati uzi unauliza kuhusu kasi. Ukiweka SSD na kubaki na GB 4, pagefile.sys itahamia kwenye SSD, mashine itakwama kwa muda mfupi zaidi, na SSD ya bei nafuu itaandikwa kutwa nzima na kuchakaa mapema. RAM ikitosha, hata diski hiyo mbovu itapumua.

#18 Kifaru Mpole

Na MsMpEng.exe mnaiachaje? Hiyo ni Microsoft Defender ikikagua mafaili, na steshenari ni mahali ambapo kila mteja anakuja na flashi yake. Kila flashi inapochomekwa na kufunguliwa ukaguzi unaanza. Huenda mnabishana kuhusu RAM na diski wakati mkosaji ni flashi za wateja.

#19 Jogoo la Shamba

Mkosaji ni Chrome. Mwaka 2018, kuanzia toleo la 67, Google waliamua kila tovuti itengewe mchakato wake ili tovuti moja isiweze kuchungulia nyingine, baada ya yale mapengo ya usalama ya prosesa ya Spectre na Meltdown, na wao wenyewe walisema matumizi ya RAM yangepanda kwa asilimia 10 hadi 13. Awashe kile kipengele cha Memory Saver kinacholaza vichupo visivyotumika, afunge vichupo vya jana, na GB 4 zitamtosha.

#20 Mhandisi Mstaafu

Leo Jogoo la Shamba amewika kwa takwimu sahihi, ingawa hitimisho la kwamba GB 4 zitatosha pamoja na Photoshop silikubali.

#21 Mzuzu wa Unguja

Mimi naona mnavalisha maiti suti. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda mbele, wakati i5-2400 ni kizazi cha pili. Anunue RAM leo, kesho tovuti anazotumia zikatae kivinjari chake. Aweke Linux Mint, ambayo inaridhika na GB 4, na atumie LibreOffice.

#22 Mpigachapa wa Mbagala

Mkuu Mzuzu, wateja wangu wanakuja na kadi za mialiko zilizotengenezwa kwa Publisher, na LibreOffice inazifungua zikiwa zimevurugika.

#23 Mzuzu wa Unguja

Basi jua kwamba Microsoft wametangaza kuiondoa Publisher mwezi Oktoba 2026. Anza kuwazoesha PDF mapema.

#24 Mzee wa Kariakoo

Turudi kwenye RAM, maana kuna jambo nililisahau nalo linawagharimu watu wengi. Mtandaoni utakutana na DDR3 za GB 8 kwa bei ya chini isiyo ya kawaida, zikiwa na maneno madogo kwamba ni kwa AMD pekee. Hizo zimeundwa kwa chipu za mpangilio wa x4 (kila chipu hupitisha biti 4 kwa wakati mmoja), ambao vidhibiti vya Intel vya kompyuta za mezani havikubali, vikitaka x8 au x16. Kwenye baadhi ya bao za AMD za zamani zinafanya kazi vizuri kabisa. Kwenye 8200 yako mashine haitawaka, au itawaka ikiona ujazo pungufu. Mwambie muuzaji akuwekee RAM kwenye mashine ya Intel mbele ya macho yako.

Kuhusu bei, msisubiri ishuke hivi karibuni. Tangu mwishoni mwa 2025 RAM mpya zimepanda bei duniani, kwa sababu viwanda vimeelekeza uzalishaji kwenye seva za akili mnemba, na Micron walitangaza kuachana na biashara yao ya Crucial kwa wateja wa kawaida. DDR3 tunazouza nyingi zimetolewa kwenye mashine zilizotumika Ulaya na Ghuba, hivyo mtikisiko wake ni mdogo, lakini upo. Na RAM iliyotumika si ya kuogopwa. Mnunuzi aiendeshee MemTest86+, programu ya kupima RAM, hadi imalize mzunguko mzima, na ikitoa kosa hata moja airudishe.

#25 Binti Saadani

Nakubaliana na Mzee wa Kariakoo. Nami napendekeza kijiti kimoja cha GB 8 pamoja na hicho cha GB 4 alichonacho, jumla 12.

#26 Jogoo la Shamba

GB 4 na GB 8 hazikai pamoja.

#27 Kifaru Mpole

Zinakaa. Intel wana utaratibu ambao GB 4 za kijiti kidogo hulinganishwa na GB 4 za kijiti kikubwa na kufanya kazi kwa njia mbili, na GB 4 zinazobaki hufanya kazi kwa njia moja. Hata kasi zikitofautiana, zote zitafuata ile ya polepole. Na kama mtu anahofia nyakati za kusubiri, apige hesabu: CL9 (kusubiri mizunguko 9) kwenye 1333 ni nanosekunde 13.5, na CL11 kwenye 1600 ni 13.75. Ni tofauti ya karatasini tu.

#28 Mpigachapa wa Mbagala

Wakuu, mrejesho. Nimenunua kijiti cha GB 8, PC3-12800U, na Task Manager sasa inasoma GB 12 kwa kasi ya 1333, sloti 2 kati ya 4. Fundi aliyekuja kukifunga alipofungua mashine akashtuka kwa vumbi, akaipuliza, akabadilisha pasta ya prosesa, akafuta miguu ya RAM ya zamani, kisha akazima programu kadhaa zilizokuwa zikijiwasha zenyewe pamoja na Windows. Kubadilisha kutoka Word kwenda Photoshop sasa ni mara moja. Kuwaka asubuhi bado kunachukua muda ule ule wa kunywa chai, na nikichomeka flashi ya mteja diski inapanda tena hadi asilimia 100.

#29 Binti Saadani

Kubadilisha programu kumekuwa mara moja, na hiyo ndiyo RAM. Imethibitika.

#30 Nyota ya Mombasa

Imethibitika vipi, wakati pasta na vumbi vimeondolewa siku hiyo hiyo?

#31 Fundi Kibiriti

Na inachelewa kuwaka, na diski bado ni ya njano. Nasubiri uzi wake wa pili.

#32 Kifaru Mpole

Flashi, wakuu. Someni sentensi yake ya mwisho.

#33 Mhandisi Mstaafu

Mleta uzi, kama una subira, chomoa hicho kijiti cha GB 8 kwa siku moja ya kazi, uache mengine yote kama yalivyo, utuletee picha ya Resource Monitor. Hapo tutatenganisha mchango wa RAM na wa usafi.

#34 Mpigachapa wa Mbagala

Mhandisi, kwa heshima zote, msimu huu wa maombi ya mikopo sichomoi kitu.

#35 Chipukizi wa Ruvu

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina Dell OptiPlex 780 yenye Core 2 Quad, nayo inatumia DDR3. Nimeiwekea kijiti cha GB 4 ambacho kwenye 8200 ya rafiki yangu kinafanya kazi, lakini kwangu mashine haiwaki kabisa. Kijiti kina chipu 8 upande mmoja.

#36 Mhandisi Mstaafu

Sababu ni hizo chipu 8. OptiPlex 780 ina chipuseti ya Q45, na kidhibiti chake cha kumbukumbu kiko kwenye chipuseti, si kwenye prosesa, nacho mwisho wake ni chipu za Gb 2 (gigabiti; Gb 8 ni GB 1). Kijiti cha GB 4 chenye chipu 8 kina chipu za Gb 4 kila moja, ambazo hakizitambui. Tafuta cha GB 4 chenye chipu 16, nane kila upande, na ukiweka vinne vya aina hiyo utafika GB 16. Hicho ulichonacho badilishana na rafiki yako, maana 8200 inakubali vyote viwili.

#37 Fundi Kibiriti

Na SSD.